Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto

Ijumaa ya pili ya mwezi Februari mwaka huu tulimzika dada yangu Leokadia katika kibanja chake, shamba lake la migomba, kule Kiruruma, na mtoto wake wa pekee hakuwepo. Mtoto huyo anaitwa Projestus. Hakuwepo kwa sababu hakuna aliyeweza kumpata. Namba yake ilikuwa ndani ya simu ya mama yake, na simu hiyo mimi ndiye niliyeifunga. Watu waliporudi kutoka kaburini walikuwa wakisema kijana amekataa kuja kumzika mama yake. Kwetu mtu anaweza kuiba mbuzi na baada ya miaka akakaribishwa tena kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Aliyekataa kumzika mama yake hakaribishwi.

Vijana wenye meza za kutengeneza simu pale Omurushaka waliniomba niwaandikie jinsi ufundi ulivyokuwa wakati wetu. Waliniomba kabla ya msiba. Naandika sasa, na siwezi kuandika habari za ufundi nikaliacha hili kando.

Kazi niliianza Kayanga, katika duka la redio la mfanyabiashara mmoja Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Pangani. Sote tulimwita Tajiri. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sijui hata waya upi ni upi. Siku ya kwanza Fundi Mkuu, mzee mfupi aliyevaa miwani iliyofungwa uzi, aliniwekea redio mezani akaniambia niifungue, nitazame, nisiguse kitu.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Mende."

"Wazima au wafu?"

"Wapo wazima, wapo wafu."

"Basi waonee huruma wote, watoe. Nusu ya magonjwa ya redio ni mende. Nusu nyingine ni mwenye redio."

Alinifundisha kushika kichomeo, yaani kile chuma kinachopashwa moto ili kuyeyusha risasi na kuunganisha waya. Alinifundisha kugusa kwa ncha ya kidole sehemu inayokuza sauti. Ukigusa na spika ikavuma, ujue ugonjwa uko nyuma zaidi, kwenye upande unaokamata mawimbi. Hatukuwa na vipimo. Kidole ndicho kilichokuwa kipimo chetu, na Fundi Mkuu alitukataza kulima siku tuliyokuwa na kazi nyingi, ili vidole visife ganzi.

Ninyi vijana hamwezi kujua redio ilikuwa nini. Muziki watu waliupenda, lakini redio ilinunuliwa kwa ajili ya matangazo ya vifo. Jioni saa ya matangazo ikifika, nyumba nzima ilinyamaza, hata mlevi alinyamaza. Jina lilitajwa, kijiji kikatajwa, siku ya mazishi ikatajwa, na kesho yake watu walikuwa njiani. Nakumbuka mfugaji mmoja wa Nyakasimbi aliyekuja dukani amebeba redio ndani ya shuka kama mtoto mgonjwa. Alisema, "Fundi, hii ilinyamaza siku mbili, nikakosa kumzika shemeji yangu. Wakwe wananitazama kama mwizi. Itengeneze hata kama utaniuzia roho nyingine ya kuitia." Fundi Mkuu aliacha kazi ya mtu mwingine akaishika ile.

Miaka michache baadaye zikaja redio mpya zenye taa za rangi mbele, zinazocheza kufuata muziki. Tajiri alizipanga mlangoni na watu wakajaa. Ziliuzwa haraka kuliko zote. Kisha zikaanza kurudi, si kwa kuharibika, bali kwa kumaliza betri. Mama mmoja wa wafugaji, mwenye kilemba na fimbo, aliiweka yake mezani kwangu.

"Mwanangu, hizi taa zinasema nini?"

"Hazisemi kitu, mama. Ni urembo tu."

"Basi zikate. Mimi nimeshazeeka, sina haja ya redio inayojipamba."

Niliogopa kukata kitu kipya. Fundi Mkuu akaniambia kata, nikakata waya wa taa, na betri za yule mama zikadumu kama zamani. Habari ikaenea. Kila aliyenunua redio ya taa alikuja kukatiwa taa. Tajiri alipogundua alishika kiuno.

"Bwana we, mimi nauza taa mlangoni, wewe unazikata uani?"

"Nazitibu, Tajiri," Fundi Mkuu akajibu.

"Utanitibu na mimi nife masikini!" Lakini alicheka, akarudi kwenye meza yake ya hesabu.

Nilidhani kazi yote ya maisha yangu itakuwa hivyo.

Fundi Mkuu alipofariki, mtoto wa Tajiri akafungua tawi Nkwenda, ambako sasa ni Wilaya ya Kyerwa, akanipeleka huko nisimamie meza ya ufundi. Juu yangu alikuwapo Msimamizi wa Tawi, mtu mkimya aliyependa kila kitu kifutwe vumbi. Ndipo simu za mkononi zilipoingia. Zilikuwa zile ndogo za vitufe ambazo tunaziita kitochi, kwa sababu ya tochi iliyo juu yake. Sijaona kifaa kilichofaa watu wetu kama kile. Tochi ya kwendea zizini, redio ya matangazo, na chaji inayokaa karibu wiki nzima mahali pasipo na umeme. Ukiiangusha ndani ya ndoo ya maziwa, naifungua, naianika juani, inaita tena.

Nataka kusema kweli yote, kwa hiyo niseme kwamba si kila kipya kilikuwa upuuzi. Nilipokuwa nikipeleka meza yangu mnadani Bugomora, zilikuja simu zenye nafasi ya laini mbili. Wazee walicheka wakauliza mtu mmoja anataka laini mbili za nini. Lakini kule mpakani simu hukamata mtandao wa Uganda bila wewe kujua, na watu wana shangazi na ng'ombe pande zote mbili. Simu ya laini mbili ilimaliza tatizo ambalo wenyeji walikuwa nalo kabla simu hiyo haijatengenezwa. Hizo sikuzikata kitu.

Kutoka Nkwenda nilirudishwa upande wa Karagwe, duka la Omurushaka, na huko ndiko nilikofanya kazi mpaka mwisho. Mtoto wa Tajiri alikuwa ameungana na kampuni ya simu za kioo, zile za kugusa kwa kidole, na tukaletewa Meneja wa Mauzo kutoka Mwanza. Alikuwa kijana mwenye adabu, alituamkia wazee shikamoo kila asubuhi. Alitufundisha kuuza simu inayofungwa kwa alama ya kidole. Mwenye simu anaweka kidole, simu inakihifadhi, na tangu hapo haifunguki mpaka ikione kidole kile. Kwa tahadhari inawekwa pia mchoro, mstari ambao mwenye simu anauchora juu ya nukta, kwa ajili ya siku ambayo kidole kimekataa.

"Mteja anapochora, wewe geuka utazame pembeni," Meneja alitufundisha. "Hata awe mama yako. Siri ya mteja si yako."

Niliipenda adabu hiyo. Niliishika kwa miaka yote.

Mnadani Bugomora tulikwenda na kipaza sauti. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikaweka kidole changu, simu ikafunguka, watu wakapiga makofi. Tukawaita waje tuwahifadhie vidole vyao, wajaribu. Kijana wa bodaboda aliweka, ikafunguka. Mwenye duka la nguo aliweka, ikafunguka. Mke wake akapaza sauti, "Sasa nimejua, kidole hicho ndicho kinachoficha mambo!" Watu wakaangua kicheko. Kisha akaja mkulima mmoja mzee, mikono myeusi kwa utomvu wa ndizi. Akaweka kidole gumba. Simu ikakataa. Akafuta kidole kwenye suruali, akaweka tena. Ikakataa.

Meneja akasema kwenye kipaza sauti, "Mzee, kidole chako kimefutika chapa!"

Mnada mzima ulicheka, na mimi juu ya kreti nilicheka. Yule mzee aliingiza mkono mfukoni, akaondoka bila kuutoa.

Mkono unaoshika jembe na kumenya ndizi tangu utotoni hulika ngozi, na ile mistari myembamba ambayo simu inaitafuta husawazika kama sarafu ya zamani. Jioni ile tulimweleza Meneja, tukadhani atasema simu hizi hazifai kwa wakulima. Badala yake tulitafuta mbinu. Mimi ndiye niliyeipata. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto hakishiki mpini kwa nguvu, kwa hiyo mistari yake hukaa. Tukaanza kuwawekea wakulima kidole hicho. Meneja alinisifu mbele ya wote, akaniita profesa. Tulizifunga simu kwa vidole vidogo vya kushoto kuanzia Kayanga mpaka mpakani, na wala hatukumuuliza hata mkulima mmoja kama ana jambo la kufungia.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe ndogo, soda na sambusa, na Meneja akanikabidhi simu moja ya namna hiyo ikiwa na kasha lake. Nilishukuru. Nyumbani niliitazama, nikairudisha kwenye kasha, nikaendelea na kitochi yangu. Mwezi uliofuata nikampelekea dada Leokadia. Hapa ndipo ninapoona haya kuliko kwingine kote. Nilimpa dada yangu mkubwa kitu ambacho mimi mwenyewe, fundi, sikukitaka, na nilimpa kwa maneno yale yale ya mnadani.

Nilimkuta anamenya ndizi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hicho nini tena?"

"Simu. Inafunguka kwa kidole chako tu."

"Na nikiwa namenya ndizi, kama hivi?"

"Unanawa kwanza."

"Ninawe ndipo nimsalimie mwanangu?"

"Ni usalama, dada. Mwizi hawezi kuona mambo yako."

"Mambo yangu!" Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Kuku wawili na goti linalouma. Waitu, ndugu yangu, aje ayachukue."

Alikuwa na kitochi yake. Alikuwa akibonyeza mbili bila kuachia, na simu inampigia Projestus. Hakujua kusoma vizuri, lakini mbili aliijua. Niliichukua ile kitochi nikaitumia vipuri. Nikamwekea kidole kidogo cha kushoto. Kisha nikamwambia achore mchoro wake, nami nikageuka nikatazama migomba, kama nilivyofundishwa.

Projestus alikuwa amekwenda Katavi, kwenye kambi ya kupasua mbao porini. Alibadilisha laini huko. Namba mpya, mke wa katekista ndiye aliyemhifadhia dada ndani ya simu, naye hakuiandika kwingine. Mimi sikuwa nayo, wala sikuiomba. Zamani namba ya mtoto iliandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya mlango. Dada hakuiandika tena, kwa sababu nilimwambia simu haisahau. Kambini mtandao ni wa kubahatisha, huja na kupotea. Projestus alikuwa akitoka Jumapili kwenda senta, penye maduka, ndipo anapiga, na kumpokea hakukuhitaji kidole, kwa kuwa simu iliyofungwa hupokea tu. Wao kwa wao walikuwa hawajapungukiwa kitu. Lakini dada alipotaka kupiga mwenyewe, nilimkuta zaidi ya mara moja ameshika kidole, anakilamba, anakifuta kwenye khanga, anajaribu tena, kwa kuwa mchoro alishausahau. Hakunilaumu. Alisema tu, "Leo kimekubali," au, "Leo kimenikataa."

Alianguka Jumatano asubuhi akiwa jikoni, presha, na hakuamka. Nilipofika, wanawake walinikabidhi simu hata kabla sijakaa. "Fundi, fungua tumpigie Projestus." Walisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama mtu anavyompa mwashi mwiko.

Nilijaribu kila ninachokijua. Nilitoa laini nikaiweka kwenye kitochi yangu. Ilikuwa na namba za zamani tu, na ya Projestus ilijibu kwamba haipatikani, nikairudisha laini mahali pake. Nilichora michoro niliyodhani dada angeweza kuichora, mpaka simu ikanizuia, ikaniambia nisubiri. Njia ya kuifungua kwa nguvu ipo, kila fundi anaijua, lakini inafuta kila kilichomo, na namba ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Nilikwenda hata kutangaza redioni kama zamani. Redio yetu haifiki Katavi.

Alhamisi wanawake walipokuwa wakimwosha, nilisimama nje ya mlango na simu mkononi. Mwanamume haingii hapo. Mama Severina, aliyekuwa akiwaongoza, alitoka akanitazama, akaelewa.

"Kile kidole chenu?"

"Ndiyo, mama."

"Ingia. Fanya haraka, na usitazame kwingine."

Nilikuwa nimesikia kwamba kidole cha marehemu hakikubaliwi na simu. Nilijua, na niliingia. Wanawake waligeuza nyuso. Mama Severina alifunua mkono wa kushoto tu, mimi nikashika kidole kidogo cha dada yangu, kilichokuwa cha baridi na bado kina maji, nikakiweka mahali pake. Simu ikatikisika, ikakataa. Nikakikausha kwa shati langu, nikarudia. Ikakataa.

"Kimekataa?" Mama Severina aliuliza.

"Kimekataa."

"Hata akiwa hai kilikuwa kikimkataa," akasema, akaufunika mkono.

Wazee wa ukoo walikubali kusubiri mpaka Ijumaa mchana. Niliomba tungoje Jumapili, siku ambayo kijana hupiga. Mzee Rwegasira, ambaye ndiye mkuu wa ukoo wa shemeji yangu, marehemu mume wa dada, alisema, "Maiti haingoji mtandao," na alikuwa sawa. Kaburini, ilipofika zamu ya mrithi kutupa udongo wa kwanza, mzee huyo aliuliza kwa sauti mtoto yuko wapi. Nikasogea mbele.

"Hana habari, mzee. Namba yake imo ndani ya simu ya marehemu. Nimeshindwa kuifungua."

"Wewe? Fundi?"

"Mimi ndiye niliyeifunga."

Mtu mmoja nyuma, sikumwona, akasema, "Bugomora ilikuwa inafunguka kwa kugusa tu." Mwingine akasema, "Mjomba anamficha mpwa wake." Wachache waliguna. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewaonyesha watu hawa kwamba simu ile inafunguka kabla hujapepesa jicho. Nilipowaambia ukweli mara moja, hawakuwa na sababu ya kuniamini. Mzee Rwegasira alichota udongo akautupa yeye mwenyewe, akasema, "Aliyekataa, amekataa."

Kwa hiyo ninyi mlioniuliza kuhusu kazi, maneno yangu ni haya machache. Kulehemu mtajifunza kwa mwingine, na siku hizi ni bodi ndogo kuliko kucha, mimi siwezi hata kuziona. Lakini mteja akija, mtazameni mikono kabla hamjamweleza simu. Mwulizeni anampigia nani, na anampigiaje. Fundi Mkuu alikuwa akimsikiliza mtu mpaka amalize, ndipo anashika kichomeo. Mimi nilijifunza kwake ujana wangu wote, kisha nikapanda juu ya kreti. Siandiki hivi ili mnihurumie. Simu mpya itakuja na jambo jingine jipya, na ninyi ndio mtakaopewa kipaza sauti.

Jumapili tulikuwa bado matangani. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nikiichaji kwa sola tangu Jumatano na sikuiacha hata nilipokwenda chooni. Wazee walikuwa wamekaa uani kwenye mabenchi ya kanisa, wanawake chini kwenye nyasi, na Mzee Rwegasira alikuwa akizungumzia nani atasimamia kibanja, kwa kuwa mrithi hakuonekana. Simu ikaita.

Niliitoa mfukoni. Kwenye kioo hapakuwa na jina, picha ndogo tu ya kijana amesimama kando ya magogo. Ningeweza kutoka nje ya ua. Nilitaka wasikie kwamba hakujua. Nikapokea, nikabonyeza spika, nikaishika juu.

"Mama, shikamoo," Projestus akasema.

Nyuma yake zilisikika pikipiki na muziki wa senta.

"Mama? Nimekununulia kile kitenge. Huku mtandao mbovu kweli. Mama, unanisikia?"

Mama Severina alijifunika uso kwa khanga. Mzee Rwegasira alivua kofia, akanitazama, akatikisa kichwa kwamba imetosha. Nikazima spika, nikaiweka simu sikioni.

"Marahaba," nikasema. "Ni mjomba. Projestus, uko na nani hapo? Tafuta mahali ukae."